Solo ya Dakika Mbili

Nilimaliza chuo kikuu na shahada ya takwimu ambayo hakuna aliyeihitaji, nikarudi Machakos kwa wazazi na kuanza kujifunza saksafoni. Mwalimu wangu alikuwa mzee mstaafu wa bendi ya jeshi, mwenye kikundi cha watu wanne kilichopiga jazi kwenye harusi. Nasema jazi kwa heshima tu. Zilikuwa nyimbo za kanisani zilizopindwapindwa, na mpiga kinanda alibonyeza kitufe cha ngoma kisha akaendelea kula njugu.

Saksafoni yenyewe ilikuwa ya mzee. Nilikaa nayo miezi minane, na miezi yote minane nilikuwa namdanganya. Yeye alitaka nibuni papo hapo. Alisema jazi ni mtu kusema lake huku wimbo ukiendelea. Mimi sikuwa na langu. Niliandika solo nyumbani, noti kwa noti, nikipima ipi ifuate ipi, nikazikariri, halafu nikampigia nikiwa nimefumba macho kama mtu aliyeshukiwa na roho. Nilijiona mjanja kuliko kikundi kizima, hasa yule wa njugu.

Siku moja mzee aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema tena. Nikapiga tena.

"Hii umeandika," alisema.

"Hapana, mwalimu, ni vile tu..."

"Mtu hawezi kukosea pahali pamoja mara tatu. Sasa sikia. Jumamosi tuko na harusi Kithimani. Wewe ndio utaingiza bibi arusi. Ukileta hii mambo ya kukariri, saksafoni yangu inabaki kwa gari na wewe unarudi kwa mamako na mikono mitupu."

Mtu mwenye akili timamu angejaribu kujifunza. Mimi niliandika solo mpya, na safari hii nikatawanya makosa kwa makusudi, yasionekane yamepangwa. Nilikadiria kutoka lango la uwanja hadi viti vya wazazi ni hatua sitini. Mtu mwenye miguu mizima huzimaliza kwa dakika moja. Nikaongeza nyingine ya gauni. Dakika mbili.

Nilikuwa nimehudhuria harusi nyingi za kwetu, lakini kila mara nilikaa viti vya nyuma nikisoma gazeti, ili watu wajue kwamba sikuwa mmoja wao. Kwa hiyo sikujua wanavyotembea. Jumamosi hiyo, bibi arusi alipiga hatua moja, akasimama, akayumba kushoto, akayumba kulia, akarudi nusu hatua. Wasimamizi wake nao wakafanya hivyo hivyo, kwa nyuso za watu wanaofanya kazi ya maana. Solo yangu ilipoisha, pamoja na makosa yake mazuri, alikuwa hajafika safu ya tatu ya viti. Hapo ndipo shangazi zake walipotandika leso katikati ya njia na kukaa juu yake. Njia imefungwa, walisema, mpaka wafurahishwe.

Nilishusha saksafoni. Ngoma ya kinanda iliendelea peke yake. Mzee alinitazama, wala hakuinua klarineti yake kunisaidia.

Shangazi mmoja, mama mnene wa gauni la zambarau mwenye filimbi shingoni, alinielekezea kidole.

"Wewe mwanake, kijana wa tarumbeta! Umenyamaza? Ama hawakukupea chai?"

Uwanja mzima ukacheka. Nilimchukia mama yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Nilichukia sauti yake, iliyoanzia chini na kupasukia juu kwenye neno chai, na kwa hasira nikaiga sauti hiyo kwenye saksafoni, na kupasuka kwake nikakuza mara mbili. Ilikuwa kejeli tupu.

Yeye akashika kiuno. "Ngai! Inanijibu! Basi iambie hatutoki!"

Nikamrudishia lile neno hatutoki, kwa pua, kama mbuzi. Akapuliza filimbi. Nikaidhihaki filimbi. Akacheza akiwa bado amekaa, nami nikaudhihaki mchezo wenyewe, kila bega lilipopanda na kushuka, na sikumbuki nilipumua wapi. Sikukumbuka noti hata moja niliyoandika. Mpiga kinanda aliacha njugu. Shangazi waliinuka, wakakunja leso, na bibi arusi akafika kwa wazazi wake baada ya muda ambao, kwa mara ya kwanza maishani, sikuupima.

Tukirudi nyumbani ndani ya pikapu, mzee aliipakata saksafoni yake.

"Ulikuwa unamwambia nini yule mama?"

Nilifikiria uongo wa aina tatu, nikauacha wote. "Nilikuwa namcheka, mwalimu."

"Nilisikia. Na yeye alisikia. Ama unafikiri ni mjinga? Ni yeye alianza kukucheka." Aliipangusa saksafoni kwa mkono wa shati. "Uko na madharau mingi, kijana. Lakini hiyo angalau ilikuwa yako, haukuandika."

Akanisukumia saksafoni mapajani.

"Wiki ijayo ni Kithyoko," alisema. "Shangazi wa huko ni wabaya zaidi."

Nilianza kuwadharau hapo hapo, ili niwe tayari.