Kubisha kwa Gurudumu la Kushoto

Gari la marehemu lilikuwa likibisha. Kila tairi la mbele kushoto lilipotumbukia shimoni, kilisikika kishindo kimoja chini ya kiti cha abiria, kama mtu aliye nje anapiga mlango kwa ngumi. Kisha kimya. Zibuyile Zondi alikuwa amezoea. Kwa gari hilo alipeleka kuku wake sokoni Bulwer na kuwashusha wagonjwa wa mlimani zahanati. Likibisha, alisema polepole, "Nimekusikia, Bheko," akabadili gia.

Bhekokwakhe, mdogo wake, ndiye aliyelinyanyua. Alipachika vipande vya chuma kwenye springi ili kigari kile kipite juu ya mawe. Muda si mrefu akapanda lori la magogo la mtu mwingine, likapinduka kwenye kona ya daraja. Alifia pale.

Aliyefia njiani hafungiwi kaburi akaachwa hivyo. Huendewa pale alipoangukia na tawi la mlahlankosi, mti wa kuirudishia roho nyumbani, akaitwa kwa jina, na anayelibeba hazungumzi na mtu yeyote mpaka amfikishe ndani. Tawi alilibeba Mandlakayise, kitinda mimba wao. Katikati ya safari simu yake ikalia, naye kwa mazoea tu akapokea: "Haloo? Niko njiani." Waliokuwa naye wakatazamana. Tawi lilifikishwa, likalazwa, watu wakala.

Zibuyile alipoanza kuliendesha lile gari, likabisha.

"Hana pa kuingilia, ndiyo maana anabisha," Mandlakayise alisema. "Tuliuze. Nimeshapata mtu Ixopo."

"Na nani aliyemwacha njiani?"

"Dada, simu moja tu!"

"Moja ilitosha."

Lakini abiria walianza kukataa. Mjamzito mmoja aliposikia kishindo alishuka, akaona heri atembee kwenye ukungu. Bila abiria, kuku peke yao wasingemlisha. Akalipeleka gari kwa fundi Dladla.

"Mgabadeli," alimsalimu kwa jina la ukoo, "mfukuze au umtengeneze, lolote lililo rahisi."

"Bei ya kufukuza siijui, Nondaba," naye akamjibu kwa jina la ukoo wa Zondi. "Ya chuma naijua."

Akalipiga jeki, tairi likaning'inia. "Umeona? Gari limepanda, shokapu zimebaki na urefu ule ule. Tairi likishuka shimoni, shokapu inafika mwisho wa kunyooka kabla ya springi, inajigonga. Nilimwambia Bheko anunue ndefu. Akasema mwisho wa mwezi."

Zile ndefu nilimuuzia Zibuyile mimi, mwenye duka la vipuri. Alinibana bei mpaka nikajuta kufungua duka siku ile.

Dladla aliweka jeki ya pili chini ya mkono wa tairi, kwa sababu springi iliyobanwa ikiachiwa haina adabu. Akautoa mpira wa breki kwenye kishikio chake, akafungua bolti za chini, kisha nati za juu. Shokapu mpya iliizidi ya zamani kwa upana wa kiganja. Alipomaliza kuifunga aliliacha tairi lishuke lote, akaukagua mpira wa breki usije ukavutika, kisha akahamia upande wa kulia.

Wakalijaribu kwenye mtaro. Kimya. Wakarudia. Kimya.

"Mzimu wako huu hapa," Dladla alicheka, akimpa shokapu kuukuu.

Zibuyile hakucheka. "Kama kilikuwa chuma, basi yeye yuko wapi?"

Dladla akajifuta mikono.

"Muda wote huu nazungumza na chuma, Mgabadeli. Yeye bado yuko pale kwenye kona, ananyeshewa."

Akampigia Mandlakayise simu kumwambia anakwenda kumchukua Bheko.

"Halibishi tena? Basi bei imepanda!" kijana akasema. "Na toka lini mwanamke akabeba tawi?"

"Mimi nitashika tawi. Wewe shika simu yako."

Dladla ndiye aliyeendesha, na haya alinisimulia yeye. Kwenye kona, ukungu ulikuwa umekaa barabarani kama ng'ombe. Zibuyile aliita: "Bhekokwakhe, mwana wa Zondi, ni mimi dada yako. Gari ni lako. Twende nyumbani." Hakusema tena. Alilaza tawi kwenye kiti cha kushoto, akakaa nyuma. Dladla akajikuta analifunga tawi mkanda. Simu ya Zibuyile ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Mashimo waliyapita yote bila sauti, na ukimya ule, Dladla anasema, ulikuwa mbaya kuliko kishindo.

Getini alisimama Mandlakayise na yule mtu wa Ixopo.

"Dada, mteja huyu hapa! Unauza, huuzi? Ukinyamaza nitajua umekubali. Dada! Mashahidi mpo!"

Zibuyile aliinama mbele akachomoa ufunguo, akashuka, akafungua mlango wa kushoto, akaliinua tawi. Gari likapanda upande ule, taratibu, kama linavyopanda mtu mzima anaposhuka. Tawi lenyewe halikufikia uzito wa kifaranga.

Shokapu mpya huwa na tabia zake mwanzoni, nilimwambia Dladla. Hakubishana nami. Aliniuliza tu kama nimewahi kuona zikifanya hivyo.

Zibuyile aliingia ndani na tawi na ufunguo. Sauti yake ikasikika: "Umefika, mdogo wangu. Kaa." Kisha akatoka mlangoni.

"Hapana," alisema. "Siuzi."

Mtu wa Ixopo alikuwa ameshafika barabarani, anatembea haraka.