Siku Mshale Wangu Ulipomnyang'anya Manju Watu Wake

Kuna aibu za kusimulia na kuna aibu za kuzikwa nazo, na hii yangu nilipanga nizikwe nayo, ila mke wangu ameshaisimulia kwa majirani wote (tena kwa kuongeza chumvi), kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara binafsi ilipofunguliwa, maduka ya Bariadi yamejaa ghafla redio kubwa za kaseti, zile zenye mshale unaoruka muziki ukipanda, na mimi nilikuwa fundi redio kijana, mwenye kibanda cha bati na maringo yasiyolingana kabisa na kibanda. Nilikuwa nampenda Kabula, na Kabula alikuwa binti wa Mzee Masunga wa kijiji cha Shishiyu, manju, yaani ndiye mtunzi na kiongozi wa kundi lao la ngoma. Kila baada ya mavuno ya pamba kundi lake lilishindana na kundi la ng'ambo ya mto. Uwanja ni mmoja, katikati wanalaza kamba chini, kila kundi linacheza upande wake, na jua likianza kushuka, kundi lenye watazamaji wengi upande wake ndilo limeshinda. Hakuna cha jaji wala cha maksi, miguu ya watu ndiyo inayoamua.

Mzee alikuwa ameshindwa miaka miwili mfululizo na ilimuuma hasa. Akaniita, akasema, "Limbu, nataka sauti yangu isikike uwanja mzima. Nikishinda, njoo na wazee wako tuzungumze." Jamani, nilirudi mjini natembea kama nimeshaoa!

Amplifaya ya betri ya gari niliiunda kwa wiki moja, na ningeishia hapo leo nisingekuwa na mkasa. Lakini nikajiambia hapana, kazi ya Limbu lazima ionekane, lazima iwe na mshale. Nikang'oa geji kwenye mashine mbovu ya kupimia betri, nikaiunga moja kwa moja kwenye spika, mshale ukabaki kutetemeka palepale kama kuku aliyenyeshewa, kwa sababu sauti inausukuma huku na huku na geji ile inataka kusukumwa upande mmoja tu. Nikaweka dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ukaanza kupanda. Halafu (hapa ndipo shetani aliponiingia) nikaona mshale wenyewe mfupi, watu wa mbali hawatauona, nikatoa kioo, nikaurefusha kwa kijiti cha ufagio nilichokipaka rangi nyekundu. Ukawa mzito, haunyanyuki. Nikausaidia kwa transista ya kuusukuma na kapasita kubwa ili ukishapanda usianguke haraka. Siku nne nilikesha na sakiti hiyo, na ilipokubali nilipiga kelele peke yangu kibandani.

Kabula alipita, akautazama, akaniuliza, "Huo mshale baba ameuomba?"

"Wewe ngoja uone," nikamjibu. Na kweli alikuja kuona.

Siku yenyewe upepo wa kiangazi ulikuwa unavuma, vumbi tupu, na geji yangu haina kioo, kwa hiyo hata mzee hajafungua mdomo kijiti kinayumba hovyo. Nikatafuta pa kujikinga. Kulikuwa na lori la mmoja wa wale wanunuzi binafsi wa pamba, limeegeshwa hatua chache tu kutoka tulipo, nikahamishia meza yangu ya amplifaya nyuma yake, nikavuta waya wa kipaza sauti hadi pale, mshale ukatulia. Kamba pale chini nilikuwa nimeiruka kwa miguu yangu miwili na sikuiona.

Mzee akaanza kuimba. Mshale ukapanda, ukashuka taratibu, ukapanda tena. Mtoto mmoja akaja kuangalia, akaja mama yake, wakaja vijana kumi, na mimi badala ya kushtuka nikafurahi, nasema kweli, nikaongeza sauti! Watu wakawa wanasukumana, kila mara mzee akivuta pumzi wananyamaza, akipasua sauti mshale unaruka nao wanapiga vigelegele. Nikawa naeleza, "Hapa kuna transista, hapa kuna kapasita," utadhani mimi ndiye manju.

Kabula akapenya katikati ya watu, jasho linamtoka. "Limbu, unajua uko upande wa nani?"

Nikatazama chini. Kamba ilikuwa nyuma yetu, na nusu ya uwanja ilikuwa imehamia kwa wapinzani kuja kuangalia kijiti cha ufagio.

Wakati huohuo mzee naye akafumbua macho (huwa anaimba ameyafumba) akajikuta anawaimbia mkewe na mbuzi wawili. Akanguruma kwenye kipaza sauti, "Limbu! Watu wangu umewapeleka wapi?" Mshale ukaruka mpaka mwisho. Watu, "Heee! Ongeza!" Mzee akazidi, "Mjinga wewe! Zima hicho kidude!" Ukagonga tena, vigelegele. "Binti yangu humpati!" Hapo mshale ulikwenda mwisho ukakaa hukohuko, kwa sababu ya ile kapasita yangu kubwa, na watu wakashangilia mpaka wengine wakarusha kofia. Nikanyoosha mkono nichomoe waya wa betri, mama mmoja akanishika, "Yaya, hapana, acha kijana, tunaangalia!"

Nilipofanikiwa kuzima, jua lilikuwa limeshashuka. Wapinzani walitangazwa washindi, wakaninyanyua mabegani kwa shukrani, wakanizungusha uwanja mzima, wakanipitisha mbele ya mzee. Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku ya tatu nilikwenda kuomba msamaha. Aliniacha nimesimama juani muda mrefu, akauliza jambo moja tu. "Ule mshale ulikuwa wa nani?"

Nilitaka kusema wa kundi, nikashindwa. "Ulikuwa wangu, baba. Nilitaka watu waniangalie."

"Basi mwaka kesho watakuangalia. Utacheza mstari wa mbele, na jembe mkononi kama wachezaji wangu wote."

Mimi, mtoto wa mjini, kiuno kama ubao! Nilifanya mazoezi mwaka mzima na siku ilipofika nikacheza vibaya kiasi kwamba watazamaji wote wa wapinzani waliruka kamba kuja kunicheka, hata manju wao alikuja. Mzee Masunga alishinda. Alinifuata, machozi ya kicheko yanamtoka, akanishika bega mbele ya watu wote akasema niwalete wazee wangu, nami nililia palepale na jembe langu mkononi, sikujali nani ananitazama.

Mshale sijaunda tena na sitaunda. Kucheza ngoma, hilo Kabula bado ananiomba kila mavuno, na bado ananicheka.