Majina ya Ng'ombe Baada ya Kila Kijiko

Wiki ile Gaju alipozaa naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Gaju alikuwa ng'ombe wetu kule Kibabi, na nyumbani kwetu maziwa ya ng'ombe aliyezaa hayaonjwi na mtu kabla ya baba mwenye boma. Basi ndama alipokwisha kupata fungu lake, nilijaza kibuyu nikashuka nacho hospitali. Baba alikuwa amelazwa huko, amepooza upande mmoja, ulimi mzito.

Aliyemhudumia ni Mama Jeanne, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha wagonjwa upya kusema na kumeza. Alikwisha kunikataza waziwazi: kitu chepesi kama maji au maziwa mabichi kisipite kinywani mwa Baba, wala asilishwe akiwa amelala. Nilimsikia. Ila nilikuwa msichana wa kichwa kigumu, nikajiambia, huyu wa mjini mila zetu anazijulia wapi? Nikamnywesha Baba kikombe kizima. Hakukohoa hata mara moja, nami nikajisifu.

Kesho yake homa ilimpanda, kifua kikawa kinakoroma. Mama Jeanne alikiona kibuyu.

"Nani alimupatia maziwa?"

"Ni miye, Mama. Lakini hakukohola."

"Ndjo ile ninaogopaka. Koo yake imesahau kukohola. Maziwa inashuka mu mapafu, naye ananyamaza tu." Akanitazama. "Dada, ulimupatia heshima, lakini haukumuangalia."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga. Nilijua Baba akifa, nimemuua mimi, kwa mkono wangu huu.

Baba alipigana na homa juma zima, na Mungu akamwacha kwetu. Mama Jeanne akamketisha wima, kidevu kimeinama kidogo, akanituma mashanza, yale maziwa yetu yaliyoganda, niyapige mpaka yasibaki na bonge. Nusu kijiko. Anaweka vidole viwili juu ya koo la Baba, anangoja lipande na kushuka. Kisha: "Papa, sema neno moja." Sauti ikitoka kavu, tunaendelea. Ikitoka na majimaji, tunangoja ameze tena.

Baba hakuwa na maneno mengi, akaanza kutaja ng'ombe wake. Kijiko, "Bihogo." Kijiko, "Gaju." Bakuli dogo, saa nzima! Kwa muda huo mimi ningekamua boma zima. Lakini nilikaa.

Jina langu hakulitaja, siku baada ya siku, na niliumia. Nilidhani hajanisamehe. Mpaka asubuhi moja, ng'ombe wote saba wamekwisha kutajwa, alinitazama, akameza, akasema kwa sauti kavu kabisa: "Odette." Nilikuwa wa mwisho, nyuma ya mitamba, na sikuona aibu. Nilicheka na kulia, kijiko mkononi.

Sasa wewe, mwanangu, unamuuguza bibi yako, na nimekuona unavyoharakisha uji ili urudi sokoni. Usimpe mgonjwa kile kinachokufurahisha wewe kutoa. Mketishe. Ngoja ameze. Msemeshe, umsikilize, ndipo uchote tena. Na akinyamaza, usiseme yuko salama, muulize.

Mungu akupe mkono usio na haraka. Na siku koo lako litakapochoka, akuletee mtu wa kukaa nawe, kijiko mkononi, mpaka uwataje wote unaowapenda.