Pikipiki Iliyotangulia Msafara wa Bibi Harusi

Pikipiki kubwa ukiigusa breki ya mbele katika joto la Dar es Salaam, inakubinua. Sikiliza vizuri: haikuangushi, inakubinua, kama chapati. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kwenye kijiwe cha bodaboda pale Buguruni, nami nikaamini kwa moyo wangu wote, kama ninavyoamini kwamba jua la kesho litachomoza upande wa baharini.

Wenyewe walikuwa na maelezo kamili. Breki ile, walisema, imewekwa kwa ajili ya nchi za barafu, ambako mafuta ya breki huganda kama samli ya alfajiri. Ikiletwa Bongo, mafuta yanachemka ndani ya mpira wake, na ukibana tu, gurudumu la mbele linagoma na la nyuma linaelekea mbinguni. Ushahidi ulikuwepo. Jamaa mmoja wa Ilala aliigusa kwa bahati mbaya, akaokotwa juu ya bati la genge la ndizi, ameketi, miwani bado iko usoni. Nani alimwona? Binamu wa mtu ambaye siku hiyo hakuja kijiweni.

Mimi nikaongezea fizikia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtu mzima mwenye ndevu, nikikaa dawati moja na mama muuza vitumbua na askari wa zamu, na mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba kitu kikienda hupenda kuendelea kwenda. "Basi hapo hapo!" nikawaambia wana kijiwe. "Gurudumu linasimama, mwili unaendelea. Ni sayansi." Wakanipigia makofi. Kuanzia siku hiyo uzushi ule ukawa na cheti cha sekondari.

Nikaenda nyumbani nikaufunga mkono wa breki ya mbele kwa kitambaa chekundu, nikakizungushia gundi nyeusi ya utepe, ile ya mafundi umeme, ili vidole vyangu visije vikajisahau.

Pikipiki yenyewe sasa. Wee! Ilikuwa ndefu kama kitanda cha sita kwa sita, imelala chini, kiti chake kimeinama nyuma kama kochi, usukani umekuja kukupokea mwenyewe kifuani. Ililetwa kutoka Japani ikiwa imetumika, nikaipata baada ya kuuza vitambaa Kariakoo miaka mingi huku nikila maharage kwa heshima kubwa. Sauti yake haikupiga kelele. Ilikohoa kama mzee anayebisha hodi. Nilipokuwa nikipita Mtaa wa Msimbazi, machinga walisimamisha bei katikati. Hata mahindi ya kuchoma yaligeuka yenyewe. Nasema kweli tupu, isipokuwa hilo la mahindi.

Na msidhani nilikuwa mtu wa kupanda tu na kupiga honi. Dude lile nililijua kuliko ninavyojua kiganja changu. Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, nilichuchumaa kwenye kidirisha cha oili huku pikipiki imesimama wima, maana ikiegemea stendi kidirisha kinakudanganya. Upepo wa matairi niliupima kabla ya safari, tairi zikiwa za baridi. Cheni niliisafisha kwa mafuta ya taa na brashi, nikaipaka oili, nikaiacha na ulegevu wake mdogo, kwa sababu cheni iliyokazwa mno hukatika na iliyolegea mno huruka. Kuiosha sikuthubutu injini ikiwa moto; nilisubiri ipoe kama unavyosubiri uji wa mtoto. Na sikutoka bila kofia ngumu, glovu na viatu vya kufunika vifundo, hata kama naenda kununua chumvi. Majirani walicheka. "Unaenda mwezini?" walikuwa wakiniuliza. "Naenda dukani," nawajibu, "lakini lami haijui hilo."

Jambo gumu kwenye pikipiki ya namna ile si kukimbia. Kukimbia hata mbuzi anaweza. Ugumu ni kwenda polepole, mwendo wa mtu anayetembea, katikati ya mikokoteni na mabegi ya Kariakoo, bila kushusha mguu. Uzito wake ni wa ng'ombe aliyeshiba. Ukiuachia uiname kidogo tu, umekwisha. Iliwahi kunilalia kwenye kona ya Msimbazi, tukainyanyua wanaume wanne na mwanamke mmoja muuza mihogo, ambaye ndiye aliyenyanyua kweli. Nikajifundisha. Jumapili asubuhi nilikuwa nikizunguka mitaa ikiwa mitupu: klachi nusu, gesi kidogo, mguu wa kulia ukigusa breki ya nyuma kwa upole, macho mbele, siyo chini kwenye gurudumu. Baada ya muda niliweza kugeuza dude lile kwenye uchochoro ambao paka wawili hawapishani.

Basi mdogo wangu wa kike akachumbiwa. Mume anatoka Kariakoo, sisi Buguruni, na kwetu siku ya kumpeleka bibi harusi kwa mumewe ni siku ya mtaa mzima. Matarumbeta hukaa nyuma ya pikapu yakipuliza, magari yanafuata yamewasha taa, na mbele ya wote hutangulia pikipiki yenye mpiga video aliyekaa kinyumenyume, amempa dereva mgongo, kamera inamwangalia bibi harusi njia nzima. Anayetangulia ndiye uso wa familia. Akipendeza, mmependeza. Akianguka, video itachezwa hadi kwa wajukuu.

Mdogo wangu akasema mbele ya wote, "Atakayenitangulia ni kaka. Simtaki mwingine."

Baba yetu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la baba mdogo, mtu wa samaki pale Feri, aliyezoea kunadi, na aliyesema kila kitu kana kwamba kuna watu mia wanamsikiliza.

"Huyu?" akanadi. "Juzi kalaliwa na pikipiki Msimbazi kama godoro! Akilaliwa mbele ya matarumbeta aibu ya nani? Yangu! Akisababishia gari la mtoto ajali, kesi ya nani? Yangu!"

"Baba mdogo, ilikuwa ni zamani hiyo," nikasema.

"Zamani gani? Mama mihogo bado anaumwa kiuno!"

Mdogo wangu akakunja uso. "Kama kaka hatangulii, na mimi natembea kwa miguu hadi Kariakoo."

Wanawake wakapiga vigelegele kwa hilo, na baba mdogo akajua ameshindwa nusu. Nusu nyingine akaitakia mtihani. Jumapili kabla ya harusi akaja mtaani kwetu, akatandaza ndoo za samaki barabarani, akamkalisha mpiga video nyuma yangu, akaniambia nipite katikati mwendo wa matarumbeta na nisimame anapoinua mkono. Nikapita. Ndoo hazikujua kama kuna mtu kapita. Akainua mkono, nikagusa breki ya mguu, tukasimama kama tumebandikwa. Mpiga video akasema hakusikia hata kutikisika, alidhani bado hatujaondoka.

"Haya," baba mdogo akasema, akizikusanya ndoo. "Tangulia. Lakini gari la mtoto liko nyuma yako hatua chache. Wewe ukiharibu, linaharibika lote."

Sikulala vizuri usiku wa kuamkia siku yenyewe. Nilikuwa nimeambiwa neno moja tu la kweli katika mnada wote ule, nalo ni hilo: gari la mdogo wangu liko nyuma yangu.

Asubuhi akaingia shangazi kutoka Lindi. Shangazi yetu alikuwa afisa kilimo kabla hajastaafu, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye pikipiki, ambayo wasichana walikuwa wameshaipamba kwa maua meupe na utepe. Kitambaa changu chekundu waliona ni pambo, wakafunga kingine upande wa klachi ili vilingane, hicho cha klachi nikakiondoa haraka. Baba mdogo yeye aliamini ni hirizi, na kwa mara ya kwanza aliniangalia kwa heshima. Shangazi akakitazama kitambaa, akanitazama mimi, akaitwa ndani kumvalisha bibi harusi.

Tukaondoka baada ya adhuhuri. Jamani, siku ile! Nilikuwa nimevaa kanzu iliyonyooka juu ya suruali nzito, nimeifunga kiunoni isije ikanaswa na cheni, koti, glovu nyeupe, na kofia ngumu iliyosuguliwa hadi ndege wakajiangalia humo. Nyuma yangu mpiga video, nyuma yake gari la bibi harusi, shangazi akiwa amekaa kiti cha mbele, kisha pikapu ya matarumbeta ikitikisa madirisha ya Buguruni nzima. Tukaenda mwendo wa kutembea. Watoto walikimbia, akina mama walitoka na miko mikononi. Dude langu likakohoa kwa adabu, halikupepesuka hata mara moja. Kila tuliposimama foleni nilizima injini isichemke, taa ikiruhusu naiwasha, na matarumbeta yalinisubiri kama bendi inayomsubiri rais. Mimi, wa masomo ya jioni! Mama muuza vitumbua, mwenzangu wa dawatini, alikuwa kando ya barabara, akapaza sauti, "Darasa letu hilo! Darasa letu!"

Tulipokaribia Kariakoo barabara ikafunguka, na dereva wa bibi harusi akapiga honi tuongeze mwendo. Nikaongeza gia. Hapo ndipo mkokoteni uliosheheni marobota ya vitenge ulipochomoza kutoka uchochoroni, mbele yangu kabisa, msukumaji akisukuma kichwa kimeinama.

Nikakanyaga breki ya mguu. Nikaikanyaga kama nyoka. Gurudumu la nyuma likakaza, likaanza kuserereka juu ya vumbi la lami, mkia wa pikipiki ukaja upande wa kulia wenyewe, polepole, kama mlango unaofunguliwa na upepo. Mkono wangu wa kulia ulitaka kubana; ukakuta kitambaa na gundi. Nyuma nikasikia matairi ya gari la mdogo wangu yakilia. Nikaiacha pikipiki iserereke, nikaushikilia usukani, nikashusha mguu ulipobaki mwendo mdogo, tukasimama tumekingama barabara. Robota la kitenge lilikuwa limenigusa goti. Bampa la gari la bibi harusi lilikuwa limegusa maua ya pikipiki yangu, maua tu.

Mara Kariakoo nzima ikalipuka.

"Mbwembwe hizo!"

"Huyo mtaalamu! Kaikingamisha makusudi!"

"Rudia, kaka, rudia!"

Msukumaji akaniinulia kidole gumba, akaenda zake. Mpiga video, ambaye kwa kuwa alikaa kinyume hakuona mkokoteni bali aliona bampa la gari likimjia, alikuwa amenikumbatia kwa nyuma mikono ikipita juu ya mabega yake mwenyewe, jambo ambalo mwili wa binadamu hauwezi, lakini siku ile uliweza. "Bro," akaninong'oneza, "usirudie."

Nikainyoosha pikipiki, nikaondoka polepole, matarumbeta yakafuata. Tukafika. Bibi harusi akashushwa kwa vigelegele, akapita mbele yangu, na ndani ya shela nikasikia, "Ahsante, kaka." Baba mdogo akanishika mkono mbele ya wakwe, akanadi kwamba hiyo ndiyo damu yao, watu wa kujua kusimama. Kifua changu kilijaa nikashindwa kufungua koti. Mpaka leo natembea Kariakoo kama niliyejenga soko lile, na video ipo. Sehemu ile wanairudisha nyuma wanaiangalia tena, na mimi huwa natabasamu kwa unyenyekevu nisionao.

Watu walipoingia kwenye pilau, nikabaki nje na pikipiki, nikiiangalia tairi ya nyuma. Ilikuwa imelika sehemu moja, bapa. Shangazi akatoka, dera lake amelikunja mkononi, akaja moja kwa moja kwenye usukani.

"Hiki kitambaa cha nini?"

Nikamweleza. Barafu, mafuta yanayochemka, gurudumu linaloelekea mbinguni, jamaa wa bati la genge. Fizikia pia nikaiweka. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Wewe ulimwona huyo wa juu ya bati?"

"Hapana, shangazi."

"Mimi nimeendesha pikipiki ya kazini miaka yote niliyofanya kazi. Mchanga wa Lindi, matope ya Lindi, jua la Lindi. Sijawahi kubinuliwa." Akaanza kuibandua gundi kwa ukucha. "Nimekuona kupitia kioo cha mbele cha gari. Mdogo wako alipiga kelele akimwita mama yake."

Akatoa kitambaa, akaubana mkono wa breki taratibu, akauachia.

"Ukishika breki, uzito wote unakuja mbele. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, ndiyo maana limeserereka. Mwendo wa kutembea, sawa, tumia ya mguu, hapo hukukosea. Lakini ukiwa kwenye mwendo, usukani ukiwa umenyooka, bana ya mbele kidogo kidogo kama unakamua ndimu, na ya mguu isaidie. Usiikwapue. Mafuta yake hayachemki kwa jua, yakichakaa yabadilishe. Hakuna mtu aliyerushwa juu ya bati. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki."