Mtoto wa Hapa, Mama wa Kule

Mimi sikusoma. Chuoni nilikwenda, nikatolewa kuolewa. Lakini mtu anapotaka kumtenga mama na mtoto wake, kulijua hilo hakuhitaji shule.

Siku zile gesi ilipoanza kusemwa Palma, kwetu Msumbiji, vijana wengi walikuja kutafuta kazi. Mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Mtwara, akamwoa binti yangu. Mjukuu wangu alizaliwa huko ng'ambo, kwa babake, akawa Mtanzania. Ndoa ikavunjika, binti akarudi kijijini kwetu Kionga na mtoto mgongoni. Gesi yenyewe hatukuipikia hata chai. Kilichofika mlangoni kwetu ni vita.

Tukavuka Ruvuma sisi watatu, tukaomba ukimbizi. Afisa aliyetusikiliza alikuwa mpole wa sauti.

"Bibi, mtoto huyu ni raia wa hapa. Mtu hawi mkimbizi kwao. Ombi lake haliwezekani."

"Na mama yake?"

"Mama ni wa Msumbiji. Lake nitalitazama peke yake. Likikataliwa, atarudi."

"Na mtoto?"

"Atabaki. Tutamtafuta baba yake. Kwa sasa atakaa mjini, kwenye nyumba ya kulelea watoto."

Mjukuu alikuwa ameshika kanga ya mamake, ameikunja ndani ya ngumi. Binti yangu tangu tutoke Kionga alikuwa mtu wa kutazama chini. Basi nikasema mimi.

"Wewe kabila gani, mwanangu?"

"Mngoni."

"Nilijua. Mimi kwa mama ni Mmakonde. Babu zako walikuja kwetu wakachukua watoto, wakaacha mama zao wanalia. Kumbe kazi hamkuiacha, mmeifungulia ofisi tu."

Askari wa mlangoni akacheka. Afisa naye akatabasamu, maana Mngoni na Mmakonde ni watani, na mtani hakasirikiwi.

"Wamakonde kwa maneno hamjambo. Lakini sheria si yangu, bibi."

"Najua."

Nikavua kanga ya juu, nikaitandika kizingitini, nikalala. Anayejua misiba ya kwetu anajua: mtani akilala mlangoni, jeneza halitoki mpaka apewe anachotaka. Hata shehe husubiri.

"Unataka shilingi ngapi, mtani?" Alidhani bado tunacheza.

"Sitaki hela. Mtoto huyu havuki mlango huu bila mama yake. Wewe amua mambo yako mawili, ni haki yako, lakini uyaamue wao wakiwa pamoja. Ukitaka askari wanibebe, waite. Mimi mzito."

Watu wa foleni ya nje wakaanza kuchungulia. Mmoja akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia nimejilaza mwenyewe, apite juu kama ana haraka. Hakupita.

Afisa akaja akachuchumaa karibu na kichwa changu. Hakuwa anatabasamu tena.

"Mtoto kukaa na mama yake kambini mpaka majibu yatoke, hilo ninaweza kuliandika. Zaidi ya hapo sikuahidi kitu. Nyanyuka, bibi."

"Andika kwanza."

Akaandika, akanisomea mara mbili. Ndipo nikanyanyuka.

Majibu yalitoka baada ya mvua. Mimi na binti tumekubaliwa, mtoto amekataliwa. Binti aliposikia neno kukataliwa akaanza kulia, nikamwambia anyamaze.

"Amekataliwa kuwa mgeni kwao. Mwache akataliwe. Analala wapi usiku?"

"Kwangu."

"Basi unalia nini?"

Lakini posho ya kambi ni ya wakimbizi, na yeye si mkimbizi. Siku ya kugawa unga namsimamisha mstarini mbele yangu. Mgawaji husema, "Bibi, huyu hayumo." Namjibu kwamba jana alikula na leo atakula. Hutazama foleni iliyo nyuma yetu. Sisi hatusogei.