Gari Linalotazama Bondeni

Gidioni alikuwa na tabia moja ambayo majirani zake wa Marangu waliizoea hata wakaacha kuicheka: hakuwahi kuegesha gari mahali pa tambarare. Kanisani, sokoni, msibani, alizunguka mpaka apate mteremko, akaliacha gari likitazama bondeni. Kuondoka kwake ni kuachia breki, kuweka gia ya pili na kuinua mguu kwenye klachi. Likishtuka, safari. Yeye na stata walikuwa wameshasahauliana.

Gari lenyewe lilikuwa la dizeli, kuukuu, lenye kitanda na kabati la jiko nyuma. Alilinunua kwa Wazungu wawili waliochoka nalo, enzi zile akiendesha trekta kwenye mashamba ya miwa kule chini. Watu walimwita mtalii. Lakini tangu nyonga ya mkewe, Mektrida, iharibike asiweze kukaa kwenye kiti, kitanda kile ndicho kilichompeleka kliniki mjini. Gari jingine la kumbeba akiwa amelala hawakuwa nalo.

Mwezi wa tano Mektrida alipangiwa upasuaji hospitali ya Mawenzi, mjini. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imegeuza mteremko wa nyumbani kuwa utelezi mtupu. Magurudumu yakaburuzika, injini haikushtuka, na siku ikapita.

"Ni pampu, Mama Doris," Gidioni alimwambia. "Gari limezeeka."

Mektrida alijifunika blanketi mpaka usoni, na tendo lile lilimkaa Gidioni rohoni miezi miwili. Sasa ilikuwa mwezi wa saba, tarehe mpya ni kesho yake saa mbili, na mafundi wa bomba la maji walikuwa wamechimba mtaro katikati ya mteremko wake. Walilaza mbao za kuvukia polepole, si za kuporomoka na gari zima.

Basi alifungua boneti asubuhi hiyo, baridi ikiwa kali. Alijaribu ufunguo; stata ilizungusha injini vizuri, ila haikuwaka. Nyuma ukatoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi. Maana yake mafuta yanafika ila hayachomeki. Injini inataka joto. Akachukua balbu yenye waya, akapima hita moja moja, vile vijiti vinne vya kuipasha injini kabla haijawaka. Balbu iliwaka mara zote nne. Hita nzima. Afadhali zingekuwa zimekufa, angeshuka Himo akanunua nyingine na moyo ungetulia.

"Imekuwaje?" Mektrida aliuliza kutoka kitandani chumbani, dirisha likiwa wazi.

"Natafuta."

"Hata mwezi wa tano ulikuwa unatafuta."

Aliufuata waya unaopeleka umeme kwenye hita. Uliishia hewani, umekunjwa na kufungwa tepu nyeusi mizunguko mitatu, ncha imebanwa kwa chini. Alikuwa hajamwona mtu mwingine akifunga tepu namna ile ila yeye mwenyewe. Hapo akakumbuka yote. Kule kwenye miwa, kwenye joto lile, hita zilikuwa za nini? Zilikuwa zinamaliza betri bure. Aliukata waya kwa mkono wake, akasahau, akastaafu na kuhamia mlimani na gari lake, na mteremko ukamfichia kosa miaka minane. Aibu ilimshika akakaa chini kwenye majani yenye umande.

Aliunga waya, akawasha hita, akahesabu mpaka ishirini, akazungusha ufunguo. Gari likawaka. Wala hakufurahi. Alilizima, akaenda mpakani mwa shamba, akachuma jani la isale, lile ambalo Mchagga akikuletea kuomba msamaha halikataliwi. Aliingia nalo chumbani, akasema kila kitu, hata habari ya ile pampu aliyoisingizia.

Mektrida aliligusa jani kwa ncha ya kidole.

"Sijalikataa," alisema. "Kaliweke kwenye kioo cha gari. Nitalipokea kesho nikishafika hospitali."

Kesho yake liliwaka, katika baridi ile ile. Walivuka mbao, wakateremka taratibu, Gidioni akisikiliza kila mlio mpya wa injini. Pale Himo askari wa barabarani akanyoosha mkono. Lami ilikuwa imelala sawasawa kama meza.

"Shikamoo, mzee. Zima gari, naomba leseni."

Gidioni alitazama mbele, akatazama nyuma kwenye kioo, hakuona hata kichuguu. Miaka yote ile hakuwa amezima gari mahali kama pale. Akazima. Leseni ilikaguliwa, ikageuzwa, ikarudishwa.

"Safari njema, mzee."

Aliwasha hita, akaanza kuhesabu kwa kunong'ona. Alipofika kumi na mbili alisikia kwamba hahesabu peke yake. Mkewe alikuwa anahesabu naye kutoka kitandani nyuma. Walifika ishirini, akazungusha ufunguo, injini ikaitika.

"Baba Doris," Mektrida alisema kabla hawajaondoka, "nipe hilo jani."