Mgomba wa Kaka

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la tano, nikabeba tangawizi kichwani kushuka milimani, nikauza mitumba pale stendi ya Same, na leo nina maduka ya vifaa vya ujenzi na Fuso mbili. Waliosoma wanakuja kwangu kukopa misumari. Lakini mama yangu alinishangaza, tena mbele za watu.

Kaka yangu alikwenda kwenye vita ya Uganda nikiwa bado shuleni. Hakurudi, wala mwili haukurudi. Kwetu huku juu, mtu akipotelea mbali namna hiyo, ukoo hukata mgomba, huuviringisha nguo nyeupe na kuuzika kama vile ni yeye. Watu wanalia, wananyoa, yanaisha. Mchungaji anajua, anaangalia pembeni. Ila siku taarifa ilipoletwa, katibu wa tawi alimwambia baba mdogo, "Rudisha hilo panga, mzee. Shujaa hazikwi kwa mgomba. Na kina mama wasilie, mtatuaibisha."

Badala ya kilio tukaimba. Mimi nilikuwa na sauti, basi nikasimamishwa mbele kughani shairi tulilofundishwa shuleni:

Risasi aliipata, akacheka kwa furaha,
Na mama hakujifuta, chozi hana, ana raha.

Makofi yakapigwa. Mama alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, macho makavu. Nilidhani anajivunia.

Hakulia siku ile wala nyingine. Ikaja miaka ya foleni, sukari ya kugawiwa, nguo tunafulia majani ya mpapai. Hata ile sukari kidogo, mama alichota fungu la kaka akaliweka kwenye kopo. Halafu mambo yakawa ruksa, maduka yakajaa, nami nikaanza kupata. Nikamjengea mama nyumba chini mjini, ya tofali za kuchoma, na bomba uani. Akakataa kuhama.

"Kaka yako akija atanikuta wapi?"

Nikacheka. Nikasema ni uzee.

Nikaona dawa yake ni mnara wa kumbukumbu ya kaka, pale pale uani kwa mama. Saruji yangu, nondo zangu, fundi nikamtoa Moshi. Nikaagiza lile shairi lichongwe na kupakwa rangi ya dhahabu. Siku ya kuuzindua nilichinja ng'ombe, nikavaa suti, wakaja diwani na kwaya. Kughani sikumwachia mtu, nilighani mwenyewe. Nilipofika kwenye "akacheka kwa furaha", mama akainuka na mkongojo wake.

"Ngoja kwanza, baba. Nani huyo aliyecheka?"

"Kaka, mama."

"Kaka wa nyumba hii?" Watu wakaanza kuchekacheka. "Huyu wangu alikuwa hawezi hata kuchinja kuku! Mimi nashika miguu, yeye kisu kakitupa, kakimbilia migombani."

Diwani alicheka mpaka akafuta macho. Mama akangoja wamalize.

"Asubuhi ile anaondoka alinishika kanga, hapo mlangoni. Akasema, mama, naogopa. Hakusema kingine. Halafu mkaja kuniimbia kwamba alicheka. Nikajua wamekosea mtu. Aliyekufa ni mtoto wa mwenzangu, wangu bado yuko njiani."

Hakuna aliyecheka tena. Nikamwambia, "Mama, hilo ni shairi tu. Aliyelitunga hakumjua kaka. Kaka alikufa, na huenda alikufa anaogopa."

Akaulaza mkongojo wake chini.

"Eeh," akasema. "Huyo ndiye wangu." Akakaa chini pale pale kwenye vumbi. "Basi nileteeni mgomba."

Baba mdogo, ambaye macho yalikuwa yamekwisha, alikwenda nyuma ya nyumba akaupapasa mmoja baada ya mwingine mpaka akapata unaolingana na kimo cha kaka. Tukaukata, tukauviringisha nguo, tukauzika pembeni ya mnara. Hapo ndipo mama alipolia. Kilikuwa kilio cha kijana aliyekufa asubuhi hiyo hiyo. Nilimshika, nikaona alivyo mwepesi, nikafikiria nywele zake zilivyokuwa nyeusi siku ile ya makofi. Kazi yenyewe ilikuwa ya alasiri moja. Masika yaliyofuata hakuyaona, na ile nyumba ya mjini hakulala hata siku moja.

Mnara bado upo, mbuzi wanajikuna hapo, dhahabu imebanduka. Gharama yake siitaji, ingawa mnanijua napenda kutaja. Mgomba ulitoka shambani kwa mama. Kilichomzika kaka ni yadi sita za kitambaa cha marekani, nilizonunua kwenye kiduka cha kijijini ambacho siku zote nilikuwa nakidharau: shilingi elfu mbili na mia nne.